Pato la Kaunti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lamu na Malindi

Maswali haya yanarudi kila mwaka: barazani, kwenye mikutano ya bajeti ya wadi, madarasani, na kwenye diko samaki wanapopimwa. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale magumu. Pale jibu lilipokwisha kutolewa, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya mwanzo

1. Pato la kaunti ni nini?

Ni jumla ya thamani mpya iliyozalishwa ndani ya mipaka ya kaunti kwa mwaka mmoja. Mvuvi yumo, mkulima yumo, hoteli, shule, bandari, duka la rejareja na fundi wa mashua wote wamo. Kila mmoja huhesabiwa kwa kile alichoongeza yeye, baada ya kuondoa vitu alivyonunua kwa wengine ili kazi yake iende. Hiyo ndiyo thamani iliyoongezwa, na hesabu nzima imesimama juu yake.

Kazi hii hufanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Ripoti yake ya kwanza ya kaunti zote 47 ilitoka Februari 2019, ikihusu miaka ya 2013 hadi 2017. Kabla ya hapo uchumi wa Lamu ulikuwa umezama ndani ya tarakimu ya nchi nzima, na mtu aliyesema "hapa hakuna uchumi" hakuwa na wa kumjibu kwa namba.

Kodi za bidhaa, kama VAT na ushuru wa forodha, huwa vigumu kuzigawa kwa kaunti, kwa sababu mara nyingi hukusanywa mbali na mahali bidhaa ilipotengenezwa au ilipotumika. Kwa hivyo pato la eneo kwa kawaida hupimwa kabla ya kodi hizo kuongezwa.

2. Nionyeshe kwa hesabu ya kawaida.

Tuseme mashua ya Kizingitini imerudi na kilo 80 za kole kole, zikauzwa diko kwa shilingi 250 kila kilo. Mauzo ni shilingi 20,000. Petroli ilikula 5,000, barafu 1,200, chambo 800, jumla 7,000. Uvuvi umeongeza thamani ya shilingi 13,000, na hizo ndizo zinazoingia kwenye pato la Lamu chini ya uvuvi.

Tajiri aliyenunua samaki hao kwa 20,000 anawafikisha Mombasa na kuwauza 32,000. Ametumia 1,500 za barafu na 4,500 za boti na gari. Ukitoa gharama ya samaki na hizo 6,000, yeye ameongeza 6,000. Hizo huandikwa chini ya biashara, katika kaunti iliko biashara yake. Mwenye gari na mwenye mtambo wa barafu nao wana thamani waliyoongeza, kila mmoja kwenye mstari wake.

Lau ungejumlisha mauzo tu, 20,000 na 32,000, ungepata 52,000, na samaki wale wale wangekuwa wamehesabiwa mara mbili. Ndiyo sababu hatujumlishi mauzo.

Zile 13,000 zitagawanywa baina ya mwenye chombo, nahodha na mabaharia kwa desturi yao. Mgao huo haubadilishi pato hata senti moja. Unaamua tu nani amepata nini. Kitoweo ambacho kila mvuvi amekwenda nacho nyumbani kinahesabiwa pia, kwa bei ya diko, hata kama hakikuuzwa. Wengi hushangaa kusikia hivyo, lakini samaki aliyeliwa nyumbani amevuliwa sawa na yule aliyeuzwa.

3. Kwa hiyo hizo ni fedha zilizo kwenye hazina ya kaunti?

Hapana. Hili ndilo kosa linaloleta ugomvi mwingi zaidi. Pato ni uzalishaji wa kila mtu na kila shirika kwenye eneo hili. Hazina ya kaunti ina fedha za serikali ya kaunti: mgao kutoka serikali kuu, leseni, ada na ruzuku. Gavana hawezi "kula" pato la kaunti, wala hawezi kulitangaza kama bajeti yake.

4. Basi mgao wetu hutegemea pato hili?

Si moja kwa moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 203, inataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Jinsi ya kugawana fungu hilo huamuliwa kwa fomula inayopendekezwa na Tume ya Ugavi wa Mapato na kupitishwa na Bunge. Fomula ya tatu, iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020, ilikuwa na vigezo hivi: mgao sawa wa msingi asilimia 20, idadi ya watu 18, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, barabara 8, ukubwa wa ardhi 8 na miji 5. Pato la kaunti halikuwemo.

Kwa fomula hiyo, mwaka wa fedha wa 2021/22 Lamu ilitengewa takriban shilingi bilioni 3.1 na Kilifi takriban bilioni 11.6. Anayekwambia kwamba pato likipanda mgao utakatwa anachanganya mambo mawili.

5. Malindi ina pato lake peke yake?

Haina. Malindi ni sehemu ya kaunti ya Kilifi, na hesabu rasmi hukomea kwenye kaunti. Mahoteli ya Malindi, embe za Magarini, chumvi ya Gongoni na kiwanda cha saruji kule Vipingo vyote vimo kwenye jumla moja. Ukitaka picha ya Malindi yenyewe, itakubidi uikadirie: vitanda vya hoteli, leseni za biashara, samaki walioshushwa, umeme uliotumika. Ni kazi inayowezekana, na naona ni aibu kwamba mji wa umri kama huu haujapata hesabu yake yenyewe.

## Namna inavyopimwa

6. KNBS wanajuaje tulichozalisha? Hakuna aliyekuja kutuuliza.

Kwa sekta nyingi hawaanzii kwako. Wanaanza na thamani ya sekta nzima kitaifa, kisha wanaigawanya baina ya kaunti kwa kutumia kiashiria kinachofaa. Kwa mazao, kiashiria ni kiasi kilichovunwa na bei yake. Kwa hoteli, usiku uliolalwa na wageni. Kwa huduma za serikali, mishahara na idadi ya wafanyakazi. Kwa uvuvi, kilo zilizoandikwa na thamani yake.

Hapa ndipo penye roho ya jambo lote. Katika mgawanyo wa namna hii, kilo ambayo haikuandikwa Kiunga haibaki ikisubiri. Jumla ya taifa ni ile ile, kwa hiyo fungu la Lamu linapungua na la kaunti nyingine linaongezeka. Kamba mawe wanaouzwa kwa mnunuzi aliyekuja na boti yake hadi baharini, bila kupitia kwa karani wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko, kwenye hesabu ni kama hawakuvuliwa Lamu. Wakifika Mombasa wakapakiwa na kusafirishwa nje, rekodi ya kwanza ya maana inakuwa ya Mombasa.

Mimi naamini uchumi wa visiwa hivi ni mkubwa kuliko unavyoandikwa, na sababu kubwa ni daftari za diko. Baadhi zinajazwa vizuri, kwa kilo, aina na bei. Nyingine zina siku nzima iliyoandikwa "samaki wengi". Maneno hayo hayawezi kujumlishwa na mtu yeyote aliyeko Nairobi.

7. Kazi zetu ni za jua kali, hazina risiti. Zimo?

Zimo, kwa makadirio. Uchunguzi wa kaya, kama ule mkubwa wa 2015/16, na uchunguzi wa biashara ndogo ndogo hutoa wastani wa mapato na gharama kwa aina ya kazi. Wastani huo huzidishwa na idadi ya watu wanaofanya kazi hiyo. Bodaboda wa Malindi, mama karanga anayekaanga samaki jioni, mwenye punda anayebeba mawe na saruji vichochoroni Amu: wote wanaingia kwa njia hiyo.

Udhaifu wake ni kwamba uchunguzi wa kitaifa huhoji kaya chache katika kaunti yenye watu wachache, na wastani wa bara unaweza kutumika kwa kazi isiyokuwepo bara. Usafiri wa punda na wa dau ni mfano mzuri. Ndiyo maana anapokuja karani wa uchunguzi mlangoni kwako, majibu yako yana uzito kuliko unavyodhani.

8. Shule na hospitali za serikali haziuzi kitu. Zinahesabiwaje?

Kwa gharama. Thamani iliyoongezwa na shule ya umma ni mishahara ya walimu pamoja na uchakavu wa majengo na vifaa vyake. Kwa kaunti ndogo kama Lamu fungu hili lina uzito mkubwa. Matokeo yake ni kwamba ukiajiri walimu zaidi pato linapanda siku hiyo hiyo, lakini watoto wakisoma vizuri zaidi kwa walimu wale wale, hesabu haioni kitu.

9. Kwa nini kuna jedwali mbili, za bei za sasa na za bei za mwaka wa msingi?

Rudi kwenye mashua ya swali la 2. Mwaka unaofuata inashusha kilo zile zile 80, lakini bei imepanda kutoka 250 hadi 300. Mauzo yamekuwa 24,000, yaani asilimia 20 zaidi. Hakuna hata samaki mmoja aliyeongezeka.

Jedwali la bei za sasa litaonyesha ongezeko hilo. Jedwali la bei za mwaka wa msingi, yaani mwaka mmoja uliochaguliwa ambao bei zake hutumika kwa miaka yote, litaonyesha sifuri, na hilo ndilo la kutazama ukitaka kujua kama uchumi umekua. Ukitaka kulinganisha ukubwa wa sekta moja na nyingine ndani ya mwaka mmoja, tumia bei za sasa. Wanasiasa hupenda kuchukua la kwanza na kuliita ukuaji. Waulize ni jedwali lipi.

10. Mbona tarakimu za mwaka ule ule zimebadilika kwenye ripoti mpya?

Mwaka wa msingi ulihamishwa kutoka 2009 hadi 2016, na hesabu mpya zikatangazwa 2021. Marekebisho ya kabla yake, ya 2014, yaliongeza Pato la Taifa kwa takriban robo nzima, kwa sababu vyanzo vipya vilionyesha shughuli zilizokuwa zimeachwa. Usichukue mwaka mmoja kwenye ripoti ya 2019 na mwingine kwenye ripoti za baadaye ukavilinganisha.

## Sekta zetu

11. Natafuta mstari wa utalii kwenye jedwali na siuoni. Uko wapi?

Haupo. Jedwali hufuata aina ya kazi inayofanywa, wala halitazami mteja ni nani. Mgeni mmoja wa Malindi hugusa mistari mingi: kitanda na chakula ni malazi na huduma za chakula, tuktuk na ndege ni usafiri, kinyago ni biashara na, kwa fundi aliyekichonga, utengenezaji, tiketi ya hifadhi ya bahari iko kwingine kabisa. Ukisoma mstari wa malazi peke yake unaupunguza utalii. Ukijumlisha usafiri na biashara yote unauzidisha, kwa sababu wenyeji nao hupanda tuktuk.

Jambo la pili ni malipo ya kifurushi. Mgeni akilipia likizo yake yote Milano, sehemu inayobaki kwa wakala na kwa ndege ya kigeni haiingii Kilifi. Kinachoingia ni kile ambacho hoteli ya hapa imelipwa, ukitoa ilichonunua. Kwa hiyo idadi ya wageni inaweza kupanda huku thamani iliyoongezwa ikibaki pale pale, iwapo bei inayolipwa hoteli imebanwa. Mji wetu umelijua hilo kwa miaka mingi kabla ya kuliona kwenye jedwali.

12. Bandari mpya ya Lamu imeongeza pato kwa kiasi gani? Meli moja hubeba mizigo ya mabilioni.

Thamani ya mizigo si pato la Lamu. Gati la kwanza kule Manda Bay lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na magati matatu ya mwanzo yamejengwa. Meli ikishusha makontena ili yachukuliwe na meli nyingine, bandari hupata ada ya kuongoza meli, ya kupakua na ya kuhifadhi. Ukitoa mafuta, umeme na vipuri, kinachobaki ni thamani iliyoongezwa chini ya uchukuzi na uhifadhi. Kontena lenyewe lilikuja na limeondoka. Mali iliyomo imezalishwa kwingine.

Ujenzi wake nao ulihesabiwa Lamu, kwa sababu ujenzi huandikwa pale jengo linaposimama. Lakini saruji, vyuma na mitambo ya kuchimba mchanga wa bahari vilivyotoka nje vinatolewa kwanza. Na ujenzi ukiisha, mstari huo unaporomoka hata kama hakuna kilichoharibika, kwa hivyo mwaka wa baadaye unaweza kuonekana mbaya bila sababu ya kutia hofu.

Halmashauri ya Bandari ina makao makuu Mombasa. Shirika lenye matawi hugawanywa kufuata mahali kazi inapofanyika. Kwa hiyo hesabu za tawi zikiwa zimechanganywa na za makao makuu, ni rahisi Mombasa kupewa kilichofanywa Manda.

13. Chumvi ya Gongoni na Marereni ni kiwanda au kilimo?

Ni uchimbaji wa madini na mawe. Kukausha maji ya bahari ili kupata chumvi kumo humo katika mpangilio wa kimataifa wa shughuli za uchumi. Ikisafishwa na kufungashwa kwa ajili ya kula, hatua hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa kiwanda.

14. Na boriti za mikoko?

Misitu na ukataji miti. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na boriti bado zinauzwa kwa korija, yaani miti ishirini ishirini. Tatizo la mpimaji ni kwamba korija ya pau na korija ya nguzo hazina bei moja. Ukiandika korija bila kuandika saizi umeandika nusu ya habari. Marufuku ya ukataji miti ya 2018 nayo ilifanya sehemu ya biashara hii ipotee kwenye rekodi.

15. Nitajuaje kaunti yangu imebobea kwenye nini?

Linganisha uzito. Tuseme uvuvi ni asilimia 6 ya pato la kaunti na asilimia 0.5 ya pato la nchi. Gawanya 6 kwa 0.5, unapata 12: hapa uvuvi una uzito mara kumi na mbili ya wastani wa Kenya. Jibu likizidi 1, kaunti imeegemea sekta hiyo kuliko nchi. Likiwa chini ya 1, haijaegemea. Ni hesabu ya dakika moja, na inasema mengi kuliko kuorodhesha sekta kwa ukubwa, maana kwa ukubwa peke yake kaunti karibu zote hufanana: kilimo, serikali, biashara.

## Pato na hali ya watu

16. Pato kwa kila mtu lina maana gani kwa Lamu?

Ni pato lote kugawanywa kwa idadi ya wakazi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu na 1,453,787 Kilifi. Chukua shughuli moja yenye thamani iliyoongezwa ya shilingi bilioni 1. Ikiwa Lamu, inaongeza karibu shilingi 6,950 kwa kila mtu. Ikiwa Kilifi, karibu 690. Kwa hiyo mradi mmoja mkubwa unaweza kuipandisha Lamu kwenye orodha ya kaunti huku watu wa Faza hawajapata hata kibarua.

Kuwa mwangalifu pia na idadi yenyewe baina ya sensa moja na nyingine. Ni makadirio, na Lamu imepata wahamiaji wa bara pamoja na wakazi waliohama vijiji vyao kwa ajili ya usalama.

17. Pato limepanda, mbona mifuko ni mitupu?

Kwa sababu hesabu hii hufuata mahali pa kazi. Haifuati mahali faida inapokwenda. Faida ya hoteli ya Shela ambayo mwenyewe yuko Ulaya ni pato la Lamu. Mshahara wa fundi aliyetoka Nakuru kwa kandarasi nao ni pato la Lamu, ingawa anautuma kwao. Kwa upande mwingine, fedha ambazo kijana wa Amu anawatumia wazazi wake kutoka Jeddah hazimo kabisa, ingawa ndizo zinazolisha nyumba.

Ireland ni ushahidi mkubwa. Mwaka 2015 ilitangaza kwamba uchumi wake umekua kwa zaidi ya asilimia 26 kwa mwaka mmoja, kwa sababu makampuni ya kimataifa yalihamishia mali zao za hataza huko. Raia wa kawaida hakuona ongezeko hilo. Takwimu zao ziliongezewa kipimo kingine cha kuondoa athari ya makampuni hayo. Sisi tunahitaji kitu cha aina hiyo kwa kaunti zenye miradi mikubwa na watu wachache: kipimo cha kipato cha wakazi, kando ya pato la mahali.

18. Bahari ikiharibiwa, pato linapungua?

Siku ile inapoharibiwa, hapana. Litapungua baadaye, samaki wakikosekana. Kuchimba mkondo wa meli huongeza pato la ujenzi. Matumbawe na majani ya bahari yaliyoondoka hayatolewi popote. Mwongozo mpya wa kimataifa wa hesabu za uchumi, uliopitishwa Machi 2025, unataka kumalizwa kwa maliasili kuhesabiwe kama gharama katika vipimo vya pato halisi. Kwa pwani hii hayo ni mabadiliko ya maana sana, na kaunti zisingoje hadi taifa liyafikie ndipo zianze kuandika hali ya mikoko na miamba yao.

## Mambo ya pembeni

19. Fidia ya wavuvi wa Lamu ni pato?

Sio. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa athari za bandari. Fidia ni uhamisho wa fedha kutoka mkono mmoja hadi mwingine, hakuna kilichozalishwa. Mvuvi akinunua mashine mpya kwa fedha hizo akavua zaidi, uvuvi huo wa ziada ndio utakaoingia.

20. Nimeuza kiwanja Hindi kwa bei kubwa. Na nyumba za Waitaliano Malindi je?

Ardhi ilikuwepo, na nyumba iliyotumika ilihesabiwa ilipojengwa. Kuuza hakuongezi pato, isipokuwa ada ya dalali na ya wakili. Nyumba anayokaa mwenyewe hukadiriwa kodi kama kwamba amejipangisha. Kanuni hiyo inahusu hata nyumba ya mgeni anayekuja miezi miwili ya kaskazi: nyumba iko Kenya, na huduma ya makazi inazalishwa hapa.

21. Wavuvi wa dago kutoka Pemba wanahesabiwa wapi?

Kikanuni, mtu ni mkazi wa mahali penye masilahi yake ya kiuchumi, na kipimo cha kawaida ni mwaka mmoja au zaidi. Anayekuja kwa msimu wa kaskazi na kurudi kusi ikianza bado ni wa Pemba, na uvuvi wa chombo chake ni wa uchumi wa kwao. Kwa vitendo karani huandika samaki walioshushwa diko, na wanaingia kwetu. Kanuni na daftari hazipatani hapa.

22. Kituo cha anga cha Ngomeni kimo kwenye pato la Kilifi?

Kituo hicho cha Italia kilirusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 1967, na Desemba 1970 kikarusha setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Kituo cha kisayansi cha serikali ya kigeni kilichopewa eneo kwa mkataba huhesabiwa, kama ubalozi, kwenye uchumi wa nchi yake. Mishahara ya Wakenya wanaofanya kazi kwenye kituo cha namna hiyo ni kipato kutoka nje. Wanachonunua dukani Ngomeni kinaingia kwetu kupitia duka hilo.

23. Kazi za nyumbani?

Kupika, kufua na kulea watu wa nyumbani mwako bila malipo havimo, na hilo ni pengo kubwa linaloficha kazi ya wanawake. Lakini kuteka maji, kuokota kuni, kusuka makuti na mikeka ya matumizi yako vimo kikanuni, kwa kuwa ni uzalishaji wa vitu. Mahamri ya kuuza na kofia za kushona kwa mkono vimo bila shaka.

Wakati wa Maulidi ya Lamu, nyumba za wageni, vyombo vya usafiri na mahoteli huongeza pato. Chakula wanachopikiwa wageni majumbani kwa ukarimu huonekana tu kama mchele, nyama na viungo vilivyonunuliwa.

24. Magendo?

Kikanuni yamo, kama wauzaji na wanunuzi wameridhiana. Kwa vitendo hukadiriwa kwa shida.

25. BMU yetu inataka kupima pato la diko. Tuanze na nini?

Anzeni na daftari lenye safu saba: tarehe, chombo, aina ya samaki, kilo, bei ya kilo, kitoweo kilichokwenda nyumbani, na gharama za safari zikitenganishwa petroli, barafu na chambo. Pimeni kwa mizani. Msikadirie kwa kapu. Kamba, kaa na pweza waandikwe mbali na samaki wa kawaida, kwa sababu bei zao haziwiani.

Gharama si lazima muulize kila chombo kila siku. Chagueni vyombo vichache vya kila aina, ngalawa, dau na mashua ya mashine, mviandikie gharama kwa mwezi mzima wa kusi na mwezi mzima wa kaskazi. Hapo mtapata gharama kwa kila kilo, na mtaitumia kwa vyombo vilivyobaki. Mkichukua msimu mmoja tu mtakosea, maana kusi ikivuma safari hupungua huku petroli ya kila safari ikiongezeka.

Mwisho wa mwaka toeni nakala mbili: moja kwa afisa wa uvuvi wa kaunti, nyingine ibaki diko, mahali ambapo mvuvi anaweza kuisoma na kusema kama siku yake imeandikwa sawa.